Bustani ya Mboga Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kuanza Majira ya Machipuko

Bustani nyingi za kwanza huharibiwa na haraka ya mwenyewe. Jua la machipuko likitoka siku mbili tatu mfululizo, mtu anashika jembe, anageuza udongo ambao bado umelowa, anapanda nyanya na maharage siku hiyo hiyo, kisha anasubiri. Maharage yanaoza ardhini kabla hayajaota. Miche ya nyanya inadumaa na majani yake yanageuka zambarau kwa baridi. Aliyepanda wiki tatu baadaye mara nyingi ndiye anayetangulia kuvuna, kwa sababu hewa hupata joto mapema kuliko udongo, na mche huanza maisha yake kwenye mizizi. Katika mwongozo huu, basi, udongo ndio unaoamua lini ufanye nini, na kalenda inafuata nyuma.

Nimemwandikia mtu anayeanza kabisa, mwenye kipande kidogo cha ardhi au hata baraza tu linalopata jua. Anayeishi mahali ambapo msimu hufunguliwa na mvua badala ya joto aziruke habari za jalidi, yaani baridi inayogandisha maji juu ya mimea alfajiri. Mengine yote yanamhusu.

Chagua mahali

Anza na jua. Mboga zinazozaa matunda, yaani nyanya, pilipili hoho, biringanya, matango na jamii ya maboga, zinataka jua la moja kwa moja saa 6 hadi 8 kwa siku. Letasi, spinachi na mboga nyingine za majani huridhika na saa 4 au 5. Usipime kwa siku moja ya mwanzo wa machipuko ukaridhika. Miti iliyo uchi leo itakuwa na majani baada ya mwezi, na pale palipong'aa patakuwa kivulini. Upande mwingine, jua huzidi kupanda juu kadiri majira yanavyosonga, hivyo kivuli kirefu cha ukuta unachokiona sasa kitapungua. Fikiria mahali hapo patakavyokuwa nyanya zikianza kuzaa.

Baada ya jua, angalia maji. Bustani iliyo mbali na bomba husahauliwa wiki ya kwanza ya joto kali. Iweke mahali unapopita kila siku, hata kama pale nyuma ya nyumba panaonekana pazuri zaidi, kwa sababu magonjwa na wadudu wengi hudhibitiwa na jicho linalopita mara kwa mara. Kaa mbali na miti mikubwa, maana mizizi yake itakula mbolea na kunywa maji uliyokusudia mboga.

Kabla hujalima, chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, liache likauke, kisha lijaze tena na uangalie kasi ya maji kushuka. Yakishuka sentimita 2 au 3 kwa saa, au zaidi ya hapo, pako sawa. Yakituama, jenga tuta la kuinuka au tafuta mahali pengine, kwa sababu mizizi inayokaa majini hukosa hewa na kufa. Na kama eneo limegusana na nyumba ya zamani iliyobanduka rangi, ujue rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, nayo hubaki kwenye udongo kwa miaka mingi. Hapo peleka udongo ukapimwe kwanza, au panda kwenye tuta lililojazwa udongo safi kutoka kwingine.

Kuhusu ukubwa nina msimamo: mwaka wa kwanza, tuta moja au mawili yanatosha. Tuta la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.5 ni mita 3 za mraba, na likitunzwa vizuri litakupa mboga za kutosha kukutia moyo. Upana huo una sababu yake: mkono unafika katikati kutoka pande zote mbili bila wewe kukanyaga ndani. Likiegemea ukuta, lisizidi sentimita 60 au 70. Acha njia ya sentimita 45, na tangu siku ya kwanza isimamie sheria hii nyumbani: hakuna mguu juu ya tuta, wa mtu mzima wala wa mtoto. Udongo ulioshindiliwa hupoteza nafasi za hewa, na kuurudishia hali yake ni kazi ya msimu mzima.

Asiye na ardhi atumie vyombo. Mche mmoja wa nyanya unahitaji chombo cha lita 20 hivi, na letasi hutosheka na kina cha sentimita 15 hadi 20. Cha lazima ni matundu chini, na udongo mwepesi uliochanganywa kwa ajili ya vyombo, kwa sababu udongo wa kuchimba uani hugandamana ndani ya ndoo. Vyombo hukauka upesi. Wakati wa joto huenda ukamwagilia kila siku.

Uandae udongo ukiwa tayari

Chota udongo kutoka kina cha kiganja kimoja, uufinye mkononi hadi ufanye donge, kisha lisukume kwa kidole gumba. Likipasuka na kumeguka vipande vipande, udongo uko tayari kulimwa. Likibonyea tu na kuacha alama ya kidole, au maji yakichuruzika kati ya vidole, rudisha jembe ndani. Udongo wa mfinyanzi ukilimwa ukiwa umelowa hufanya mabonge ambayo yakikauka huwa magumu kama matofali, na utahangaika nayo hadi mwisho wa msimu. Subiri siku kadhaa, ufinye tena. Kipimo hiki hakina gharama, nami nakiamini kuliko tarehe yoyote.

Kujua aina ya udongo wako, chukua chupa ya kioo, ijaze udongo hadi theluthi moja, ongeza maji, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iweke mahali isipoguswa. Mchanga hutulia chini katika dakika moja au mbili, tope laini hufuata kwa saa kadhaa, na mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Tabaka hizo zitakueleza hali yako. Kichanga hupitisha maji na virutubisho haraka, mfinyanzi hushika maji mno, na tifutifu iko katikati.

Dawa ya udongo wa kichanga na wa mfinyanzi ni moja: mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyooza. Tandaza tabaka la sentimita 5 juu ya tuta, uichanganye na udongo wa juu hadi kina cha sentimita 15 au 20. Samadi nayo ni nzuri ikiwa imeiva kabisa, yaani haina joto, haina harufu kali, na hutambui tena majani wala mavi ndani yake. Samadi mbichi huunguza mizizi na inaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi iingie ardhini angalau siku 120 kabla ya kuvuna mazao yanayogusa udongo, na siku 90 kwa yasiyogusa. Kwa anayeanza machipuko haya na kutaka letasi baada ya wiki chache, hesabu hiyo inamaliza mjadala: samadi mbichi iende kwenye rundo la mboji.

Usiweke chokaa kwa kuona jirani ameweka. Mboga nyingi hupenda udongo wenye pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ya 6.0 hadi 7.0. Chokaa huipandisha, salfa huishusha, na ukiipandisha kupita kiasi madini ya chuma hufungika na majani kuwa ya njano. Pima kwanza.

Kama mahali pamejaa nyasi, kuna njia isiyohitaji kulima. Zikate fupi, zifunike kwa maboksi ya karatasi ngumu yaliyobanduliwa gundi na plastiki, huku kingo zikipandana, lowesha vizuri, kisha mwaga mboji ya sentimita 15 juu yake. Nyasi hufa gizani, boksi huoza, na unaweza kupanda mboga za mizizi mifupi mapema.

Kila mboga na joto lake

Mboga zimegawanyika makundi mawili, na aliyeyaelewa makundi haya ameshaepuka nusu ya makosa ya machipuko.

Kundi la kwanza ni la baridi: letasi, spinachi, njegere, figili, karoti, kabichi, brokoli, vitunguu. Hizi huota kwenye udongo wa nyuzi joto 5 hadi 10, ingawa polepole, na nyingi huvumilia jalidi nyepesi. Joto kali ndilo adui yao. Letasi na spinachi zikishikwa na siku ndefu za joto hutoa shina la maua na majani huwa machungu. Kwa hiyo zipande mapema, mara udongo unapomeguka vizuri mkononi.

Kundi la pili ni la joto: nyanya, pilipili hoho, biringanya, maharage, matango, maboga, bamia. Jalidi ya usiku mmoja inaziua. Hata bila jalidi, udongo baridi huzidumaza. Subiri nyuzi joto 15 au 16 kwa maharage na nyanya, na 18 hadi 20 kwa matango, pilipili na biringanya. Pima kwa kipimajoto cha udongo asubuhi, kina cha sentimita 5 kwa mbegu na 10 kwa miche, siku tatu au nne mfululizo. Kipimo cha mchana kinadanganya.

Tarehe ya wastani ya jalidi ya mwisho ya eneo lako utaipata kwa idara ya hali ya hewa au kwa wakulima wa karibu. Neno wastani hapo lina uzito: karibu nusu ya miaka, jalidi hutokea hata baada ya tarehe hiyo. Ongeza wiki mbili kwa mboga za joto, na uwe na shuka la zamani au ndoo za kuzifunikia usiku wa hatari.

Mwaka wa kwanza ningechagua figili, letasi, njegere, maharage mafupi, nyanya za matunda madogo na mche mmoja wa zukini, boga dogo linalochumwa likiwa changa. Figili huwa tayari ndani ya wiki nne hivi, na furaha hiyo ya mapema inahitajika. Nyanya ndogo huiva kabla ya zile kubwa. Koliflawa iache kwanza, maana hubadilika tabia kwa kila badiliko la hewa na itakuvunja moyo bure.

Miche

Karoti, figili, maharage na njegere zipande moja kwa moja kwenye tuta, kwa kuwa hazipendi kuhamishwa. Nyanya, pilipili na biringanya zinahitaji kuanzia ndani. Hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya jalidi ya mwisho: pilipili na biringanya wiki 8 hadi 10, nyanya wiki 6 hadi 8, kabichi na brokoli wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzitoa nje, na matango wiki 3 tu. Kuwahi zaidi ya hapo ni kufuga miche mirefu dhaifu dirishani.

Tumia udongo mwepesi wa kuoteshea, usio na magonjwa, kwenye trei au vikopo vyenye matundu. Lowesha udongo kwanza, panda mbegu kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wake, funika kwa plastiki ili unyevu usitoke, weka mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 25. Mara chipukizi la kwanza linapoonekana, ondoa plastiki na upeleke trei kwenye mwanga. Usingoje hadi kesho. Mche uliokosa mwanga kwa siku mbili hurefuka kuutafuta, na shina lililokwisha kurefuka halirudi. Dirisha peke yake mara nyingi halitoshi. Taa ya LED iliyowekwa sentimita chache juu ya miche, ikiwashwa saa 14 hadi 16 kwa siku na kuinuliwa kadiri miche inavyokua, hufanya kazi nzuri.

Ugonjwa wa kuuogopa hapa ni kinyausi. Unaamka asubuhi, miche iliyosimama jana imelala, na shina limenywea na kuwa jembamba kama uzi pale linapogusana na udongo. Ni kuvu, na mche ulioshikwa hauponi. Kinga yake ni vyombo vilivyooshwa, kumwagilia kutoka chini kwa kuiweka trei kwenye sinia la maji kwa dakika chache, kuacha uso wa udongo ukauke kidogo kati ya umwagiliaji, na hewa inayotembea.

Majani halisi ya kwanza yakitoka, yaani yale yanayofuata baada ya yale mawili ya mbegu, hamishia kila mche kwenye kikopo chake. Ushike kwa jani, kamwe usiushike kwa shina. Jani likivunjika litaota jingine, lakini shina likiminywa mche umekwisha.

Kisha uuzoeshe nje. Siku ya kwanza saa moja au mbili kivulini pasipo upepo, kisha uongeze muda na jua kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, hadi ulale nje usiku usio na baridi kali. Mche uliotolewa ghafla ndani na kuwekwa juani huungua, majani yakawa meupe kama karatasi.

Kununua miche hakuna aibu yoyote. Chagua mifupi yenye shina nene, isiyo na maua. Geuza majani uangalie wadudu upande wa chini, na uchomoe mche kidogo kuona mizizi: iwe myeupe na isiyojizungusha chomboni.

Siku ya kupanda

Hamisha miche alasiri jua likipoa, au siku ya mawingu. Mwagilia miche na tuta kabla ya kuanza. Nyanya zifukie hadi karibu na majani ya juu baada ya kuondoa yale ya chini, kwa sababu shina lililofukiwa hutoa mizizi. Letasi na pilipili zibaki kwenye kina kile kile zilichokuwa nacho kikoponi. Letasi ikifukiwa moyo huoza.

Nafasi humshinda mgeni kuliko jambo lingine, kwa kuwa mche mdogo hauonyeshi ukubwa wake wa baadaye. Nyanya ziachane sentimita 60, kabichi 45, letasi 25 hadi 30, maharage mafupi 10 hadi 15, vitunguu 10, karoti na figili 5, na zukini ipewe karibu mita nzima. Simika nguzo za nyanya siku hiyo hiyo, maana ukizisimika baadaye utakata mizizi. Funga kwa kitambaa laini, kwa fundo lililoachia shina nafasi ya kunenepa.

Mbegu za karoti ni ndogo na huchukua hata wiki mbili au tatu kuota, na wakati wote huo uso wa udongo usikauke. Ufunike kwa ubao au gunia lililoloweshwa, uchungulie kila siku, uondoe mara uonapo kijani. Zikifika sentimita 5, punguza. Inauma kung'oa mche mzima wenye afya, lakini karoti zilizobanana hazijazi mzizi. Ng'oa.

Maji na matandazo

Kisio la kuanzia ni lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, mvua ikiwemo: milimita 25 za mvua ni sawa na kiasi hicho. Joto kali na udongo wa kichanga huhitaji zaidi. Kabla ya kumwagilia, zamisha kidole hadi kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu huko ndani, ngoja. Mwagilia mara mbili au tatu kwa wiki maji yazame, badala ya kunyunyiza kidogo kila siku, kwa sababu maji ya juu juu hufundisha mizizi kubaki juu. Mbegu na miche michanga ndiyo pekee inayohitaji kidogo kidogo kila siku. Mwagilia asubuhi, maji yaende kwenye shina na majani yabaki makavu.

Matandazo ya majani makavu au nyasi zisizo na mbegu, unene wa sentimita 5 hadi 8, hupunguza magugu na kushika unyevu. Ila subiri udongo upate joto kwanza. Ukitandaza mapema mno, unaifungia baridi ya kipupwe chini pamoja na mizizi. Acha pengo la vidole viwili kuzunguka shina.

Palizi ifanyike magugu yakiwa bado uzi mwembamba, kwa kukwangua juu tu siku ya jua. Dakika kumi kila baada ya siku mbili tatu zinatosha tuta moja.

Wadudu na magonjwa ya mwanzo

Mche uliokatwa chini usiku na kuachwa umelala ni kazi ya sota, kiwavi anayejificha udongoni. Chimbua kuzunguka shina utamkuta amejikunja. Mviringishie kila mche kola ya karatasi ngumu, sentimita 5 juu ya udongo na 2 au 3 chini yake. Konokono na koa huacha njia ya ute unaong'aa. Watafute kwa tochi usiku au chini ya ubao uliolazwa ardhini, wanakojificha mchana. Vidukari hujazana kwenye ncha changa na chini ya majani, nao huondolewa kwa maji ya kasi, ukirudia kwa siku kadhaa. Usipulizie sumu kwa kuona wadudu wachache, maana utawaua pia ladibagi wanaowala na nyuki wanaochavusha maboga yako.

Nyanya zina shida mbili za kuzitambua mapema. Kitako cha tunda kikiwa cheusi na kilichobonyea, wengi hukimbilia dawa, lakini hakuna mdudu wala kuvu hapo. Madini ya kalisi (kalsiamu) hayakufika kwenye tunda, na mara nyingi chanzo ni maji ya leo mengi, kesho hakuna. Rekebisha umwagiliaji na matunda yanayofuata yatakuwa safi. Bakajani ni jambo jingine: mabaka ya kahawia yanayoanzia majani ya chini na kupanda. Kata majani hayo, yatoe kabisa bustanini, usiyaweke kwenye mboji, na ondoa majani yote yanayogusa udongo.

Kuvuna na kupanda tena

Vuna mapema na mara kwa mara. Letasi ichume majani ya nje, ya ndani yaendelee. Zukini ikatwe ikiwa sentimita 15 hadi 20. Maharage yachumwe mbegu hazijavimba ndani ya ganda, kwa kuwa mmea ulioacha mbegu zikomae huona kazi yake imekwisha na kupunguza maua.

Usipande letasi au figili zote siku moja. Panda mstari mfupi, kisha mwingine baada ya wiki mbili, hadi joto litakapozikataa. Njegere zikimaliza kuzaa, kata shina usawa wa ardhi na uache mizizi ioze mle mle, kisha ongeza mboji na upande maharage au matango, ambayo udongo wake sasa umeshapata joto.

Chora ramani ya tuta, uandike kila kilichopandwa na mahali pake. Nyanya, pilipili, biringanya na viazi ni jamii moja na hushirikiana magonjwa yanayobaki udongoni, hivyo pale zilipokaa mwaka huu zisirudi kabla ya miaka mitatu kupita. Pembeni ya ramani andika na kiwango cha joto la udongo ulichopima siku ya kupanda kila mboga, ili machipuko yajayo uwe na kipimo cha tuta lako mwenyewe.